Mizani ya Mawazo: Namna Tiba ya Fikra na Tabia Inavyowasaidia Watu Wazima

Mtu wa kwetu anapoelemewa moyoni, mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni au hofu. Husema, "Nina mawazo." Jirani humjibu kwa upole, "Usiwaze sana, jikaze," na mazungumzo huishia hapo. Akifika zahanati, husema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji. Hupimwa malaria na shinikizo la damu, hupewa dawa ya maumivu, pengine na vidonge vya usingizi. Baada ya wiki chache hurudi na malalamiko yaleyale.

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa afya ya akili tunajua kwamba maneno hayo mawili, "nina mawazo", yamebeba taarifa muhimu ya kitabibu. Aliyeyatamka ametaja dalili, na kwa dalili hiyo ipo tiba iliyochunguzwa kwa miongo mingi, isiyohitaji mashine wala maabara. Inaitwa tiba ya fikra na tabia. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, inafanywaje, inamfaa nani, na kwa nini mkazi wa Mikese hapaswi kuikosa kwa sababu tu anaishi mbali na hospitali kubwa.

Chimbuko la tiba hii

Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliwachunguza kwa makini wagonjwa wake wenye sonona. Aligundua kwamba kabla ya huzuni kuwashika, vichwani mwao hupita mawazo mafupi, ya haraka, ambayo wao wenyewe hawayatambui vizuri: "Sifai kitu." "Hakuna anayenijali." "Mambo yangu hayatakaa sawa." Mawazo hayo hayakuchunguzwa na mtu yeyote, wala mgonjwa mwenyewe. Yalipokelewa kama ukweli uliothibitishwa. Beck alianza kuwafundisha wagonjwa kuyakamata, kuyaandika na kuyahoji. Alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, na wakati huo njia yake ilikuwa miongoni mwa tiba za kisaikolojia zilizofanyiwa utafiti mwingi kuliko nyingine zote duniani.

Msingi wake ni mwepesi kueleza. Tukio linapotokea, akili hulipa maana. Maana hiyo huzaa hisia, hisia huugusa mwili, na mwili pamoja na hisia humsukuma mtu kutenda au kuacha kutenda. Kisha tendo hilo hurudi na kulipa nguvu wazo la kwanza. Hivyo mduara hujifunga. Mtu anayeamini kwamba watu hawamtaki hujifungia ndani. Kwa kuwa amejifungia, hatembelewi. Kwa kuwa hatembelewi, huamini zaidi kwamba hatakiwi.

Tiba ya fikra na tabia huukata mduara huo mahali pawili, yaani kwenye wazo na kwenye tendo. Hisia haziamrishwi. Hakuna anayeweza kuuambia moyo "furahi" nao ukafurahi. Lakini wazo linaweza kuchunguzwa, na tendo linaweza kupangwa, na hisia hufuata taratibu.

Mfano wa mizani

Mikese ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, takriban kilomita 30 kabla ya kufika mjini. Msafiri aipitapo barabara hiyo huyaona malori yakisubiri kupimwa uzito kwenye mizani. Pale macho hayatoshi. Lori linaweza kuonekana jepesi kumbe limezidisha, na jingine likaonekana limeelemewa kumbe lipo ndani ya kiwango. Aidha, si kila lori linalokutwa na kasoro huamriwa kushusha mzigo wote. Wakati mwingine mzigo hupangwa upya, ili ekseli moja isibebeshwe kupita uwezo wake.

Wazo linaloumiza nalo lastahili kupandishwa kwenye mizani. Hatuliamini kwa sababu tu lina sauti kubwa, wala hatulikatai kwa sababu linauma. Tunalipima. Ndiyo maana tiba hii si sawa na ushauri wa "usiwaze". Mtu anayejilazimisha kutoliwaza jambo hulikuta limemrudia kwa nguvu zaidi usiku wa manane. Vilevile si mafunzo ya kujidanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Deni likiwapo, lipo. Kinachotafutwa ni uzito halisi wa mzigo, ili upangwe mahali unapoweza kubebeka.

Kazi inavyofanyika

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 50 hivi, anayeuza matunda kando ya barabara. Mfano huu tumeutunga ili kuonesha utaratibu. Haumhusu mgonjwa fulani. Mume wake alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Kumlilia marehemu si ugonjwa, na wengi wetu hupata nafuu kwa kushikwa mkono na ndugu, majirani na ibada. Lakini mama huyu badala ya kuinuka amezidi kuzama. Meza yake ya matunda imebaki tupu, hahudhurii tena kikao cha kikoba, halali vizuri, na chakula hakina ladha. Mara nne amekwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa.

Katika ziara ya tano, muuguzi anamuuliza swali ambalo halikuulizwa awali: "Mama, mbali na kichwa, moyoni hali ikoje?" Mama anajibu kwamba ana mawazo. Muuguzi hamwambii ajikaze. Anatumia dodoso la maswali 9 kuhusu hali yake katika wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Mgonjwa anayefikisha alama 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa kina na kupangiwa huduma. Mama amepata 16. Wanakubaliana kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita.

Hatua ya kwanza ni tendo. Watu wengi husema, "Nikipata nguvu nitarudi kazini." Sonona huvuruga mpangilio huo, kwa kuwa nguvu hurudi baada ya mtu kuanza kutenda. Kwa hiyo wanapanga mambo madogo, yenye siku na saa, kama vile kuoga na kukaa nje uani kila asubuhi, Jumanne kumtembelea dada yake, na Alhamisi kuweka mezani machungwa machache na kukaa nayo kwa saa mbili tu. Mama hupewa daftari. Asiyejua kuandika anaweza kuchora alama, au mwanawe akamwandikia. Kila siku anaweka alama za hali ya moyo wake kabla na baada ya tendo. Baada ya wiki moja anaona mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba siku aliyotoka nje haikuwa sawa na siku aliyolala.

Hatua ya pili ni kulipima wazo. Katika kikao cha tatu mama anasema, "Nimekuwa mzigo kwa wanangu."

"Wazo hilo, mama, unaliamini kwa kiasi gani, tukihesabu sifuri hadi mia?" anauliza muuguzi.

"Tisini, mwanangu."

"Nini kinakuonesha kwamba ni kweli?"

"Mwanangu wa kwanza ndiye anayelipa ada ya mdogo wake. Zamani nilikuwa nalipa mimi."

"Hilo tuliandike. Je, lipo jambo linaloonesha vinginevyo?"

Mama ananyamaza kwa muda. "Wajukuu wanalala kwangu. Nisingekuwapo, binti yangu asingeweza kwenda shamba alfajiri."

"Nalo tuliandike. Na kama shoga yako aliyefiwa na mumewe angekwambia kwamba amekuwa mzigo, ungemjibu nini?"

"Ningemwambia si mzigo. Amefiwa, nguvu zake bado hazijarudi."

Muuguzi hakumpa mama jibu. Alimuuliza, na mama akajijibu. Mwishoni wanaandika wazo lenye uzito sahihi zaidi: "Nimefiwa, nguvu zangu zimepungua, wanangu wananisaidia kwa sasa, nami bado ninawafaa." Alipoulizwa tena analiamini lile la kwanza kwa kiasi gani, alisema hamsini. Halijafutika, lakini halimkandamizi tena kama awali.

Hatua ya tatu ni kulijaribu wazo kwa vitendo. Mama aliamini kwamba wenzake wa kikoba wamemtenga, kwa kuwa hawakuja kumwona kwa miezi mingi. Anaandika utabiri wake: "Nikienda, hawatanisalimia." Kisha anakwenda. Anarudi na matokeo. Mwanachama mmoja alimjibu kwa ubaridi. Wengine watano walimkumbatia, na wawili wakamwambia walidhani anataka kuachwa peke yake. Utabiri wake haukuwa uongo mtupu, lakini ulikuwa na uzito mdogo sana kuliko alivyodhani.

Hatua ya nne inahusu shida za kweli. Ada ya shule haitapungua kwa kupima mawazo. Hapa mgonjwa na mhudumu huorodhesha matatizo, huchagua moja linaloweza kushughulikiwa, huandika njia zote zinazowezekana, huchagua njia moja, hugawanya kazi katika hatua ndogo na kupanga siku ya kuanza. Mama anaamua kumwendea mwalimu mkuu na kuomba kulipa kidogo kidogo. Kikao kinachofuata huanza kwa kuuliza, "Ilikuwaje?"

Hofu baada ya ajali

Sonona si tatizo pekee linalotibiwa kwa njia hii. Wakazi wa ukanda wa barabara kuu wanajua maafa kwa macho yao. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tukio kama hilo huacha majeruhi, wafiwa na mashuhuda. Ajali ndogo zaidi, zisizofika kwenye magazeti, nazo huacha watu wenye kiwewe.

Katika siku na wiki za mwanzo, wengi wa walionusurika huota ndoto mbaya, hushtuka ovyo, hukwepa eneo la tukio. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe wakiwa na usalama, ndugu na msaada wa kawaida. Mhudumu asimlazimishe mtu kusimulia yaliyomkuta, na asikimbilie kumpa diazepamu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inashauri dawa za kundi hilo zisitumiwe kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Dalili zikidumu zaidi ya mwezi na kumzuia mtu kuishi, tiba ya fikra na tabia ina njia mahususi. Kukwepa humpa mtu nafuu ya leo na hofu kubwa zaidi ya kesho, kwa kuwa hapati nafasi ya kujifunza kwamba mahali pale pamekuwa salama. Dereva wa bodaboda anayeogopa barabara hupanga ngazi ya hofu pamoja na mhudumu wake. Kwanza hukaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kisha huendesha kwenye njia ya kijijini, kisha husimama kando ya barabara kuu akiwa na rafiki, na hatimaye huiendesha. Kila ngazi hurudiwa mpaka hofu ishuke, ndipo hupandwa inayofuata. Kazi ya kuichambua kumbukumbu yenyewe ya tukio hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa hasa kwa kazi hiyo.

Je, inawezekana bila daktari bingwa?

Hili ndilo swali zito kwa nchi yetu. Madaktari wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia tiba ni wachache, na wengi wapo katika miji mikubwa na hospitali kama Muhimbili na Mirembe. Tukisema tiba hii itolewe na mabingwa pekee, maana yake mkazi wa Mikese hataipata.

Ushahidi unaonesha njia nyingine. Nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini wenye elimu ya sekondari walifundishwa kutumia mbinu za tiba hii kwa kina mama wenye sonona wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya kina mama waliopata huduma hiyo walikuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa kwa kawaida bila mbinu hizo.

Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma inayotolewa na kina mama watu wazima wa mtaani, wakiketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mbinu yao ni ile ya kutatua matatizo hatua kwa hatua, ambayo ni ndugu wa karibu wa tiba ya fikra na tabia. Washona nao wana neno lao kwa hali hii, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba baada ya miezi sita takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona, ilhali katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa takriban nusu. Huduma hiyo ya benchi imefika pia Zanzibar.

Jijini Nairobi, utafiti wa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Vikao vitano vilivyoongozwa na wahudumu wa afya wa jamii viliwapunguzia mfadhaiko kuliko huduma ya kawaida. Huko Moshi, washauri wasio mabingwa wamefundishwa kutoa aina ya tiba hii kwa watoto waliofiwa na wazazi, wakishirikiana na walezi wao.

Katika kazi hizi zote kuna masharti ambayo hayapaswi kusahaulika. Wahudumu walifundishwa kwa mwongozo ulioandikwa, walisimamiwa mara kwa mara na wataalamu, na palikuwapo njia ya kupeleka rufaa wagonjwa waliozidiwa. Semina ya siku mbili bila usimamizi haitoshi. Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hii ni nafasi nzuri ya kuhakikisha kwamba afya ya akili haiachwi nje ya mafunzo yao.

Mipaka ya tiba

Tiba hii haimponyi kila mtu. Ina nguvu inayokaribiana na ya dawa katika sonona ya wastani, na faida yake mojawapo ni kwamba ujuzi hubaki na mgonjwa, hivyo hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Lakini sonona kali mara nyingi huhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayekaa siku nyingi bila kulala akiwa amechangamka kupita kiasi, anahitaji kupelekwa kwa daktari kwanza. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na ulevi vinaweza kufanana na sonona, na lazima vichunguzwe. Aliyekwisha kuanza dawa asiache ghafla bila kuzungumza na daktari wake.

Imani nayo isiwekwe kama mpinzani. Anayesali aendelee kusali. Anayeamini amerogwa asibishwe wala asidharauliwe. Mwulize wazo hilo linamfanya aache mambo gani, kisha mwanze na mambo hayo.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anaporudi mara ya tatu kwa maumivu yasiyo na chanzo, muulize hali ya moyo wake, usingizi wake, na mambo aliyokuwa akiyapenda lakini ameyaacha. Akisema ana mawazo, andika kwenye kumbukumbu zake kama unavyoandika homa. Muulize moja kwa moja iwapo amefikiria kufa au kujidhuru. Swali hilo halimpandikizi wazo jipya. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua lile alilokuwa nalo. Akijibu ndiyo na akawa na mpango, asiachwe peke yake. Vitu hatari viondolewe karibu yake, zikiwamo dawa za kuulia wadudu shambani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo akisindikizwa na ndugu.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Kabla hujapata mhudumu aliyefunzwa, unaweza kuanza kidogo. Chagua tendo moja dogo kwa kila siku, ulipangie saa, ulitende hata kama moyo hautaki. Wazo linapokuchoma, liandike au limwambie mtu unayemwamini. Kisha jiulize ni nini kinachoonesha kwamba ni kweli, ni nini kinachoonesha vinginevyo, na ungemwambia nini mtu umpendaye kama wazo hilo lingekuwa lake. Ndugu nao, badala ya kusema "jikaze", wamwambie mgonjwa, "Twende wote." Kumsindikiza shambani, sokoni au zahanati ni sehemu ya tiba.

Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili na kukuzuia kufanya kazi, kula au kulala, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukifika, usitaje kichwa peke yake. Sema pia, "Nina mawazo," na usione haya. Mhudumu anayekusikiliza naye ana wajibu wa kuuliza, "Mawazo gani?"